Upande wa Pili wa Gogo

Siku nilipoifikisha pawaso, ule msumeno wa injini, nyumbani mtaa wa Huruma, niliifungua yote kabla sijaiwasha. Mke wangu aliporudi sokoni alikuta vipande vyake vimetandazwa juu ya gunia mlangoni: mnyororo wenye meno, bapa refu la chuma ambalo mnyororo huo hulizunguka, plagi, kabureta, na skrubu nilizozipanga kwa ukubwa nisije nikazichanganya. Akaniuliza kama nimenunua msumeno au nimenunua maradhi. Sikumlaumu. Redio yetu niliwahi kuifungua vivyo hivyo, nikitaka kujua sauti ya msoma habari inakaa wapi, na nilipoifunga tena ikawa inashika stesheni moja tu. Lakini miaka ile stesheni yenyewe ya kusikiliza ilikuwa moja, kwa hiyo hatukupoteza kitu.

Ndivyo nilivyoumbwa. Nikiona kitu kinafanya kazi, situlii mpaka nijue kinafanyaje, na nikikosa kujua nakasirika. Mashine ile niliielewa kwa siku chache. Kilichonichukua muda mrefu kukielewa ni mtu niliyekuwa nikifanya naye kazi, na huyo nilikuwa naye kwa miaka mingi kabla ya mashine kuja.

Mimi na mwenzangu huyo tulikuwa wapasuaji mbao wa shimo. Tulifanyia kazi upande wa Soy, kwenye mashamba makubwa yaliyoachwa na wazungu, ambayo watu waliyanunua kwa hisa na kuyagawa. Wazungu walikuwa wamepanda saipresi na mikaratusi kukinga upepo, na miti ile ilikuwa imenenepa. Kila aliyepata kipande chake alitaka kujenga, na mti uliosimama mpakani alitaka uwe mbao. Mimi nilitoka magharibi nikiwa kijana, kutafuta kibarua. Yeye alitoka upande wa Nyeri na wazazi wake. Mama zetu wasingeweza hata kusalimiana bila mkalimani, lakini sisi tulielewana kwa Kiswahili chetu cha shambani, na sehemu kubwa ya siku hatukuhitaji lugha yoyote.

Kwa wasiojua kazi hiyo: mnachimba shimo linalomzidi mtu kimo, mnalaza gogo juu yake, kisha mmoja anasimama juu ya gogo na mwingine anashuka shimoni. Msumeno ni mrefu, una mpini huku na huku. Wa juu anauinua, wa chini anauvuta, tangu asubuhi hadi mikono ikatae. Mimi nilikuwa wa juu, yeye wa chini. Tulizoea hivyo hata majina tukayaacha. Aliniita Juu, nami nikamwita Chini, na watoto wetu walikua wakidhani hayo ndiyo majina tuliyobatizwa.

Kabla ya kuanza tulipiga mstari juu ya gogo na mwingine chini yake. Tulivunja betri kuukuu za tochi, tukachanganya ule unga mweusi na maji, tukachovya kamba, tukaivuta ikakaza, kisha nikaifyatua ikaacha alama nyeusi iliyonyooka. Niliamini kwamba kazi inagawanyika hivi: mimi naangalia mstari wa juu, yeye anaangalia wa chini, na mbao inanyooka kwa sababu kila mstari una mtu wake. Nilikuwa nimewaeleza watu wengi jambo hilo, na nilieleza kwa kujiamini.

Basi pawaso ikaja. Nilimuuza ng'ombe aliyekuwa wa mahari ya dada yangu, nikaongeza na mahindi ya mwaka ule, pesa nikampa meneja wa shamba moja aliyekuwa akihama, akaniachia yake. Haikuwa tamaa. Vijana wenye mashine walikuwa wameanza kuingia mashambani, na mti ambao sisi tungeupasua kwa wiki wao waliumaliza na kwenda kutafuta mwingine. Tungeendelea na shimo tungekula vumbi.

Siku ya kwanza niliiwasha, gogo likagawanyika kabla chai haijapoa. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Nilipogeuka, Chini alikuwa amesimama pembeni, kofia yake ya ukingo mpana mkononi. Mashine ile ilikuwa na mahali pa mikono miwili tu, na yote miwili ilikuwa yangu.

Nilimwambia tutapokezana. Akasema, "Hiyo ni ya mtu mmoja."

Nikamwambia basi awe ananoa mnyororo kwa tupa wakati mimi napumzika. Akatikisa kichwa. "Hiyo kazi ya kuchokora meno ni yako, Juu. Mimi sitaki."

Alibeba petroli, akabingirisha magogo, akashika ncha ya kamba wakati wa kupiga mistari. Zaidi ya hapo hakutaka kitu. Nilidhani amenuna. Na mimi mtu akininunia bila kusema kosa langu, nanuna mara mbili. Kuna siku tulitoka Soy hadi mjini juu ya lori la mbao bila kuongea, kila mmoja akitazama upande wake wa barabara.

Ubaya ni kwamba mbao zenyewe hazikuwa nzuri. Zilianza nene zikaishia nyembamba, au zilinyooka juu zikaenda upande chini. Mwenye yadi ya mbao niliyekuwa nikimuuzia pale Huruma aliilaza moja sakafuni, akaikanyaga kwa kidole, ikayumba. "Hii imelewa," akasema. "Irudishe nyumbani ilale kwanza." Vibarua wake walicheka mpaka wakaweka chini walichobeba. Mwishowe alinichukulia kwa bei ya mabanzi, yale magamba ya nje ya gogo ambayo watu hujengea ua na vyoo. Nilirudi nikiwa na hasira, lakini zaidi ya hasira nilikuwa na swali. Mkono ni uleule, jicho ni lilelile, na mashine haichoki. Kwa nini shimoni tulitoa mbao zilizonyooka na sasa hazinyooki?

Wiki hiyohiyo mke wa Chini alikuja kwetu na kikapu cha viazi. Alikaa na mke wangu kwa muda, kisha akaniomba nitoke nje.

"Shemeji," akaniambia, "tangu hiyo mashine ije, huyu mtu anakaa jikoni kama mgeni. Anaangalia moto tu. Kazi ingine hajui, na shamba letu unaliona, ni kama leso. Kama unamwacha, mwambie. Usimfanye abebe petroli ndio uone huruma."

Nikamwambia simwachi. Alinitazama kwa muda, akasema asante, akachukua kikapu chake. Sikulala vizuri, kwa sababu nilikuwa nimeahidi jambo ambalo sikujua nitalifanyaje. Kazi ya mtu mmoja haiwezi kulisha nyumba mbili eti kwa sababu watu wawili wanapendana.

Ndipo nikapata wazo ambalo ni mtu wa shimo peke yake angeweza kulipata. Nilijiambia: mbao inalewa kwa sababu mstari wa chini hauna mtu. Basi tulirudishe gogo juu ya shimo, mimi nisimame juu na pawaso, Chini ashuke mahali pake pa zamani, aangalie ncha ya bapa inapotokea chini ya gogo, aniambie kama naenda kombo. Kwa kuwa mashine ile ilinguruma hata mtu asisikie mawazo yake, nilijifunga kamba kwenye kifundo cha mguu na kumwachia ncha nyingine. Akivuta mara moja, niende kushoto. Akivuta mara mbili, kulia. Nilimweleza nikiwa nimefurahi kama mtu aliyegundua moto. Yeye akasema, "Sawa, tujaribu," akavaa kofia yake akashuka.

Mbao ile ilipinda kuliko zote. Mguu wangu ulivutwa kushoto nikiwa tayari nimepotelea kushoto, ukavutwa kulia bila sababu, kisha ukatulia. Nilipoona umetulia nikadhani sasa tumeelewana. Nikaendelea kukata. Baadaye nikainua mguu kidogo kumjaribu, na kamba ikaja yote, legelege, kama haina mtu.

Nilizima mashine. "Chini!" Kimya. "Chini!"

Katika miaka yote ile sikuwahi kushuka mle. Nilimkuta amekaa, kichwa magotini, mwili mzima umefunikwa na vumbi la mbao lenye oili. Moshi wa petroli ulikuwa umeshuka ukajaa shimoni kama maji kwenye ndoo, na hakuna aliyewaza habari yake, wala mimi niliyejua jina la kila skrubu. Nilimwinua sijui kwa nguvu gani, nikamlaza kwenye nyasi, nikampepea kwa kofia yake huku nikilia waziwazi. Alitapika. Akapumua. Akalala tena macho yamefumba, na mimi nikawa nawaza uso wa mke wake.

Mwishowe akasema polepole, "Juu, hiyo kitu yako inanyamba vibaya sana."

Nilicheka na kulia pamoja. Hatukufanya kazi tena siku hiyo. Shimo tulilifukia, nami nikamwambia sasa imetosha, atakuwa mtu wa magogo na petroli, na nitamgawia kama kawaida, wala asiniletee ubishi.

"Hapana," akasema. "Kugawiwa sitaki. Mimi nataka kushika."

"Kushika nini? Mashine nilikupa ukakataa."

"Sio kule kwako. Upande ule mwingine. Kwa ile ncha."

Nikamwambia ncha ya bapa ni mnyororo unaokimbia, labda anataka kuacha vidole vyake Soy. Akasema fundi wa kuchomelea atashindwa nini? Kama shimoni msumeno ulikuwa na mpini huku na huku, huu nao uwekewe. Aliling'ang'ania neno hilo siku nzima, yeye ambaye tangu mashine ije hakuwa amening'ang'ania kwa lolote. Sikuelewa kwa nini mtu aliyetoka kuponea chupuchupu anataka kusogea karibu zaidi na meno. Lakini nilitaka kuona kama inawezekana, na nikishataka kuona, nimekwisha.

Fundi wa jua kali, mchomeleaji aliyefanyia kazi nje karibu na mto, alituzungusha sana. Kwanza alicheka. Kisha akauliza huyu atakayeshika upande wa meno ana bima? Kisha, kama wafanyavyo mafundi, akaligeuzageuza lile bapa, na nikajua tumempata. Alitengeneza koleo la chuma la kubana ncha kwa nati, likaacha mnyororo upite, na kutoka kwenye koleo hilo akachomelea bomba fupi la kushika. Alipomaliza alitupigia picha kwa macho yake, mmoja huku, mwingine kule, akasema tunafanana na watu waliobeba machela bila mgonjwa.

Sasa kazi ikabadilika. Badala ya kukata kutoka juu kwenda chini, tulililaza bapa, tukakata gogo likiwa limelala kati yetu, mimi upande wangu na injini, yeye upande wa pili na bomba lake. Mstari mmoja ulipigwa ubavuni mwa gogo upande wangu na mwingine upande wake. Tuliondoa banzi la juu, kisha tukatoa mbao nene, pana, ya urefu wa gogo zima. Niliishusha chini, nikaikanyaga kwa kidole kama yule mwenye yadi. Haikuyumba. Nikaikanyaga kwa mguu mzima. Tuliangaliana, na Chini akavua kofia akaipigapiga pajani, jambo alilokuwa akifanya akifurahi.

Nadharia yangu basi ilikuwa kweli, nikajiambia. Kila mstari umepata mtu wake. Nilimweleza mwenye yadi, nikamweleza mke wangu, nikamweleza na fundi wa kuchomelea ambaye hakuwa ameuliza.

Kazi ikaanza kututafuta. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya shule moja upande wa Soy, iliyojengewa madarasa kwa harambee. Mwenyekiti wa kamati, mtu wa beji ya chama kifuani hata shambani, alitaka mbao nene za madawati na za meza ya wageni, kwa sababu mkubwa fulani angekuja kufungua na hangeweza kukalishwa kwenye kitu kinachoyumba. Alisema hivyo mara kadhaa, na kila mara aliangalia nyuma yake kwanza. Mti ulikuwa saipresi mnene ajabu. Jioni tulipiga mistari yote pande zote mbili ili asubuhi tusipoteze muda, tukaenda kulala.

Usiku mvua ilinyesha kwa upepo. Asubuhi kulikuwa na jua, mti umekauka juu, tukaanza moja kwa moja. Mbao ya kwanza ilitoka safi. Nilipima unene wake mwanzo, katikati na mwisho, na sikupata tofauti. Nikataka kuona tumeukata mstari kwa usahihi gani, maana ukikata vizuri, nusu ya weusi hubaki kwenye mbao na nusu kwenye gogo. Ubavu wa upande wangu ulikuwa na ile nusu, nyembamba, imenyooka. Nikaigeuza mbao nione ubavu wa upande wake.

Haukuwa na kitu. Nikazunguka gogo. Mistari yote ya upande wake ilikuwa imeoshwa na mvua, haikubaki hata doa. Upande wangu haukupigwa na upepo ule.

"Chini," nikamwita, "mstari wako ulikuwa sawa?"

"Ulikuwa sawa kabisa."

"Uko wapi?"

Akasogea, akapitisha kiganja juu ya gogo, akasimamisha kidole mahali. "Si huu hapa."

Kidole chake kilikuwa juu ya mti mtupu. Naye, kwa kunyamaza kwangu, akajua. Aliondoa mkono polepole, akakaa juu ya gogo.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Jicho la kushoto lilienda zamani. Hili lingine linaona mwangaza. Wewe nakuona kama kivuli chenye kelele." Alijaribu kucheka. "Mstari sijauona miaka, Juu."

"Na bibi yako anajua?"

"Anajua sioni sindano. Hajui sioni mstari."

Hapo ndipo tupa, mnyororo na zile siku za kununa zilipojieleza zenyewe. Lakini bado kulikuwa na jambo lisilokaa sawa, na hata katika hali ile sikuweza kuliacha. "Shimoni ulikuwa unaangalia nini basi?"

"Ningeangalia nini na vumbi yote inaniingia machoni? Nilikuwa nashika. Ukienda kombo, mkono wangu unavutwa. Naurudisha, na wewe unarudi. Hukuwa unajua unarudishwa?"

"Na siku ile ya kamba?"

"Siku ile hukunipa kitu ya kushika. Nilikuwa navuta mguu yako tu ndio usiniachishe kazi."

Niliinuka nikaenda mbali kidogo. Nilikuwa na hasira, nitasema ukweli, hasira ya mtu aliyeeleza mji mzima jambo lisilo kweli. Nilikuwa na hofu pia, nikiwaza mnyororo ule unavyopita karibu na vidole vya mtu asiyeuona. Na chini ya hayo kulikuwa na kitu kilichoniuma kuliko yote mawili. Vumbi lililokuwa likimwingia machoni miaka yote ile lilikuwa likimwagika kutoka kwenye meno niliyoyainua mimi, nikiwa juu kwenye hewa safi, nikijisifu kwa jicho langu.

Nyuma yangu alisema, "Sasa umejua. Kama unataka mtu wa macho, sema hapa. Usiende kunipitishia kwa bibi yangu."

Nilirudi nikamuuliza kama mkono unavutwa kweli, au ananipa hadithi. Akaniambia nizunguke upande wake, nishike bomba, nifumbe macho. Injini ilikuwa imezimwa. Yeye akashika upande wangu, akalisogeza bapa kidogo sana ndani ya mkato, na nikahisi bomba linanisukuma kiganjani. Akalisogeza kule kwingine, likanivuta. Nilibaki nimefumba macho kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nilipoyafumbua nilimwambia kwamba tukimaliza kazi hii tunarudi kwa fundi, aweke bati la kukinga vidole vyake, na hilo siulizi, nasema. Akasema sawa. Nikamwambia pia kwamba kesho yake kliniki ya macho ikiwepo tunaenda, hata kama ni kuambiwa tumechelewa. Akasema sawa kwa hilo pia, ingawa sauti haikuwa ileile.

Mstari wangu uliofuata ulikuwa umefifia kwa kusuguliwa na ile mbao tuliyoishusha, basi nikachukua kamba, nikaichovya kwenye weusi. Alikuja kushika ncha, tukaikaza, nikaifyatua ubavuni kwangu. Alizunguka akasimama upande wake, mkono ameunyoosha, akingoja nimpe kamba tupige mstari wa pili. Nikaikunja, nikaitia mfukoni, nikawasha mashine. Alikaa na mkono hewani kidogo. Halafu akaushusha, akalitafuta bomba, akalishika.